Je, Una Ulemavu? Kusema au Kuficha



Kila mwaka wenzetu wengi hapa Uganda hujaza fomu za kuomba masomo Uturuki, Malaysia, Uingereza na kwingineko. Sisi wenye ulemavu hukutana humo na swali ambalo wengine hulipita tu: "Je, una ulemavu wowote?" Mimi hutembea kwa magongo, na swali hili nimelijadili na wenzangu mara nyingi baada ya swala. Wengi hunishauri niandike "hapana". Chukua kwanza nafasi, husema, mengine utayaeleza ukifika.

Hoja yao haifai kudharauliwa. Wapo wanaonyimwa nafasi kwa ubaguzi, na anayeogopa dhuluma ana sababu ya kuogopa. Tena wanataja sitara: ikiwa dini inatufundisha kusitiri aibu za watu, kwa nini mtu ajifichue mwenyewe?

Hapo kwenye sitara ndipo ninapotofautiana nao. Kinachositiriwa ni dhambi na aibu. Mguu uliopooza si dhambi, wala jicho lisiloona si aibu. Tukiufunika ulemavu kama tunavyofunika maasia, tutakuwa tumekubaliana na wale wanaotudharau.

Tumtazame Abdullah bin Umm Maktum (r.a.), swahaba aliyekuwa kipofu. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akaeleza waziwazi kwamba haoni na hana wa kumwongoza msikitini, akaomba aswali nyumbani. Mtume alimruhusu, kisha akamwita tena na kumuuliza kama huisikia adhana. Aliposema huisikia, akaambiwa aiitikie. Hali yake ilisemwa, ikasikilizwa, akajibiwa kama mtu mzima mwenye wajibu wake. Na swahaba huyohuyo alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuhama Makka kwenda Madina, safari ya zaidi ya kilomita 400, ambako yeye na Mus'ab bin Umayr waliwafundisha watu Qur'ani kabla Mtume mwenyewe hajahamia huko.

Nawakumbusha hili wazazi wanaosema kwa mapenzi, "Mwanangu, baki karibu, huko utataabika." Ni kweli Qur'ani imewaondolea lawama kipofu, kiwete na mgonjwa katika mambo ambayo hawayawezi. Lakini rukhsa ya kubaki si amri ya kubaki.

Turudi kwenye fomu. Kunyamaza na kusema uongo ni mambo mawili. Ikiwa jibu ni la hiari, sioni ubaya kungoja upate nafasi ndipo ueleze. Hakuna anayelazimika kumsimulia kila mtu habari za mwili wake. Lakini ukiulizwa moja kwa moja, na chini unatia saini kwamba yote uliyoandika ni kweli, "hapana" hiyo ni uongo.

Na uongo huo humrudia mwenyewe. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inakataza vyuo kumbagua mwombaji kwa ulemavu wake, na inavitaka vifanye marekebisho yanayowezekana. Lakini chuo hakiwezi kukupangia chumba cha chini au muda wa ziada wa mtihani bila kujua kwamba unauhitaji. Tena, posho ya serikali ya huko kwa wanafunzi wenye ulemavu kwa kawaida haiwahusu wageni. Basi uliza kwa maandishi, kabla ya kulipa chochote: nani atagharamia msaidizi? Jengo lina lifti? Kutoka bweni hadi darasani ni mbali kiasi gani?

Safari nayo ni hivyohivyo. Katika viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya msaada hutolewa bure, lakini unatakiwa kuuomba angalau saa 48 kabla. Mashirika ya ndege humtofautisha asiyeweza kwenda mbali, asiyeweza kupanda ngazi, na asiyeweza kutembea kabisa; sema wewe ni yupi. Mwenye kiti cha umeme aeleze mapema aina ya betri yake. Mtume alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah. Kuomba msaada mapema ni kumfunga ngamia.

Hata hivyo, si haki mzigo wote wa ukweli kumwangukia mwombaji. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 24 kinazungumzia elimu. Kamati inayomwadhibu mtu kwa kusema kweli ina sehemu yake katika uongo wa mwenzake. Na sisi katika jumuiya tujiulize: darasa letu la jioni likiwa ghorofani, tumemuuliza nani kama anaweza kupanda?

Najua "ndiyo" yangu inaweza kuninyima nafasi, na nikinyimwa nitaumia. Nitaiandika hata hivyo. Riziki iko mikononi mwa Allah, na chuo kitakachonipokea ningependa kinipokee mimi na magongo yangu, nisiishi miaka mitatu ugenini nikihofia kujulikana.

Wallahu a'lam.