Si Ungeuliza, Kaka

Matangazo ya magari mtandaoni nayasoma kama wengine wanavyosoma mashairi: usiku, kitandani, simu ikiwa karibu na pua. Yana lugha yake. "Haidai kitu." "Ni kuwasha na kuondoka." "Namba D, rangi ya kiwandani, bei maongezi." Na lile ninalolipenda kuliko yote, "ilikuwa inaendeshwa na mwanamke", kana kwamba wanawake wa Dar hawakanyagi mafuta.

Miaka kadhaa iliyopita tangazo moja lilinipata. Subaru Impreza WRX, ya bluu, picha kumi na mbili, zote zimepigwa jioni jua likiwa linazama. Kulikuwa na video pia: mtu anakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, lile bomba la moshi linanguruma, basi. Sekunde kumi na tano. Mimi ni mwandishi wa habari. Kazini nikileta habari yenye chanzo kimoja, mhariri ananirudisha mlangoni. Gari nilinunua kwa chanzo kimoja, na chanzo chenyewe ndiye mwenye mali.

Nililipa milioni kumi na nne. Wiki ya tatu nikalipeleka Morogoro. Kabla ya kufika Chalinze mshale wa joto ulianza kupanda, nikaupuuza, ukapanda tena, halafu nikasimama pembeni boneti ikitoa mvuke, wauza mahindi wakinitazama kwa huruma ambayo haikuwa huruma.

Fundi wa Gerezani alifungua rejeta, akachovya kidole, akakitoa kina utelezi wa rangi ya kahawia. "Hii ni dawa ya kuziba," akasema. "Hedi gasketi imekwenda. Aliyekuuzia alikuwa anajua." Kwa wasioifahamu Subaru: injini yake imelala, silinda zinatazamana kushoto na kulia, na kazi ya gasketi mara nyingi humaanisha kuishusha injini nzima. Fundi aliongeza kuwa hata kilomita za kwenye dashibodi haziendani na uchakavu wa usukani na pedali, lakini hapo nilikuwa sisikii tena. Nilikuwa nimebaki kwenye neno moja. Alikuwa anajua.

Nikampigia. Hakukana, na hilo ndilo lililonishangaza. "Si ulikuja ukaliona mwenyewe, ukalizungusha? Si ungeuliza, kaka."

Na kweli, sikuuliza. Niliuliza kuhusu muziki.

Nimelibeba jibu lile muda mrefu kwa sababu si la kijinga. Lina ukoo. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimwandikia mwanawe aliyekuwa masomoni Athens kitabu kuhusu wajibu, na katika sehemu ya tatu anawakutanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babiloni na mwanafunzi wake Antipater. Wanabishana juu ya mtu anayeuza nyumba mbovu: mbao zimeoza, vyumbani hutokea nyoka, na anayejua ni mwenye nyumba peke yake. Je, lazima aseme? Antipater anasema lazima. Kumwacha mnunuzi atumbukie kwa makusudi ni kama kumwona mtu amepotea njia ukakataa kumwonyesha. Diogenes anauliza: nani alikulazimisha kununua? Kunyamaza si kuficha. Kama hata maneno ya kusifia mali hayamfungi muuzaji, iweje ukimya wake umfunge? Yule jamaa wa Subaru hakuwahi kumsoma Diogenes, lakini angemshindia kesi.

Cicero anampa haki Antipater. Lakini kisa cha kitabu hicho kinachonigusa zaidi ni kingine. Canius, Mroma mwenye fedha, anatafuta bustani ya mapumziko huko Syracuse. Mwenye benki mmoja, Pythius, anamwalika chakula, na siku hiyohiyo anawaagiza wavuvi waje kuvua mbele ya bustani yake. Canius anafika, anaona mitumbwi tele, samaki wanamwagwa miguuni pa mwenyeji. Anapagawa. Ananunua kwa bei aliyotajiwa, pamoja na samani. Kesho yake anaalika rafiki zake: hakuna hata kasia. Anamuuliza jirani kama leo ni sikukuu ya wavuvi. Jirani anamjibu kwamba hapa hawavuagi, hata yeye jana alishangaa.

Nilipokisoma nilicheka peke yangu, halafu nikaacha. Jua linazama, bomba linanguruma, sekunde kumi na tano. Mitumbwi yangu ilikuwa kwenye simu.

Wanauchumi wana maelezo makavu zaidi. George Akerlof aliandika mwaka 1970 makala, iliyokataliwa kwanza na majarida kadhaa na baadaye ikachangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2001, akieleza kwamba pale muuzaji anapojua ubovu na mnunuzi hajui, wanunuzi huogopa, bei hushuka, wenye magari mazuri hukataa kuuza kwa bei hiyo, na sokoni hubaki mabovu. Ni kweli, lakini kuna kitu makala hiyo haikigusi. Friji bovu likikudanganya, unapoteza nyama. Gari lililotengenezwa ili likimbie ni jambo jingine. Walioagiza magari Japani wanaijua ile karatasi ya mnada yenye alama, ambamo herufi R huashiria gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Mtu akiificha karatasi hiyo, akakuuzia chesesi iliyonyooshwa na kupakwa rangi, hajachukua hela zako tu. Ameamua, bila wewe kuwepo, nini kitatokea utakapokuwa kasi ya mia na arobaini na umempakia mdogo wako.

Kwa hiyo simuungi mkono Antipater moja kwa moja. Sidhani muuzaji ana wajibu wa kuniambia kuwa mwezi ujao bei zitashuka, au kwamba anauza kwa sababu anadaiwa na angekubali milioni kumi. Hayo ni yangu kuyatafuta. Lakini kuna ubovu ambao mimi, hata nikiinama na tochi, siwezi kuuona, na yeye amelipia dawa ili nisiuone. Huko si kunyamaza tena. Dawa ya kuziba nayo ni maneno.

Tanga, madrasa, tulifundishwa kisa cha Mtume kupita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka vimelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Utotoni nilidhani ni kisa kuhusu uongo. Mwenye nafaka hakusema uongo wowote. Alipanga tu kipi kiwe juu na kipi kiwe chini.

Ningeishia hapo ningekuwa mwathirika safi, na nyie mngenipa pole. Bahati mbaya ni kwamba nililitengeneza gari nusu. Hela ya injini nzima sikuwa nayo. Fundi akapunguza tatizo, akasema kwa mizunguko ya mjini litakwenda, safari ndefu nisijaribu. Nikaamua kuliuza. Nikaliosha. Nikasubiri jioni. Nikaandika: "Subaru WRX, namba D, ni kuwasha na kuondoka." Neno halikuwa la uongo. Lilikuwa linawaka na linaondoka.

Akaja kijana, mwalimu wa sekondari, mkopo wa SACCOS mkononi. Alilizunguka kama mimi nilivyolizunguka, akashika usukani kama mimi nilivyoushika. Kichwani nilikuwa nimeshaandaa hesabu: mimi nimeibiwa, sijaanzisha wizi huu, naupitisha tu kama noti bandia uliyopewa kwenye daladala. Huo ndio ushawishi mkubwa wa kuumizwa. Unajiona una risiti.

Kisha akauliza, huku ananitazama usoni, "Kaka, hili Mbeya linafika? Mama yuko kule."

Nilinyamaza muda mrefu kuliko inavyostahili. Nataka hilo liandikwe. Nikamwambia. Nikamwonyesha na karatasi ya fundi. Alishukuru, akakaa kidogo kwa adabu, akaondoka na bodaboda. Mpaka leo sijui ningesema nini kama angeuliza kuhusu muziki.

Hatimaye nilimuuzia fundi mwingine, milioni saba, nikimweleza kila kitu, naye akisema anataka spea. Usiku ule nililala vizuri.

Miezi minne baadaye, kitandani, simu karibu na pua, nikaliona. Bluu ileile, ule mkwaruzo wa mlango wa nyuma kushoto niliousababisha mwenyewe getini kwetu. Jua linazama. "Haidai kitu." Chini watu arobaini na kitu wanauliza bei. Nikampigia fundi. Akanisikiliza mpaka mwisho, bila hasira.

"Kwani nakudai, au unanidai?"

"Hatudaiani."

"Basi gari si lako, kaka."

Nilirudi kwenye lile tangazo, nikaandika maoni: wanaotaka kununua waulize kuhusu hedi gasketi. Kesho yake asubuhi yalikuwa yamefutwa, na akaunti imenizuia.