Acheni Kumwambia Mtoto "Usikose!"

Ndugu zangu makocha wa mchangani, wazazi mnaosimama nyuma ya chaki, na ninyi mashabiki mliokuja na vuvuzela zenu, nawaomba jambo moja, na naliomba kwa moyo wangu wote. Neno "usikose" litoke vinywani mwenu.

Najua linavyotoka. Dakika za mwisho, bao moja kwa moja, refa amenyoosha mkono kwenye alama ya penalti. Kijana wa miaka 13 anautenga mpira, anaupapasa, anauzungusha mpaka tundu la pampu litazame juu. Kiatu chake cha kulia kimefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu ile yenyewe ilikatika. Mara pembeni ya uwanja ukelele unalipuka: "Usikose! We, usikose! Ukikosa utanitambua!"

Sauti ile ilikuwa yangu. Mpira ukapaa juu ya goli, ukaangukia kwenye migomba, nami nikavua kofia nikaitupa chini mbele ya kadamnasi. Kijana alivua viatu palepale, akavishika mkononi, akaenda zake hata maji hakunywa. Hakuja mazoezini wiki ile, wala iliyofuata, wala hadi leo.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wazee walilijua hilo, na wataalamu wa saikolojia wakaja kutuonyesha linavyotokea kichwani. Mwaka 1987 Daniel Wegner wa Marekani na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na kila atakapowajia akilini wagonge kengele. Kengele zililia! Akili ikikatazwa jambo hulazimika kulichungulia kila mara ili ihakikishe kwamba halipo. Basi unapompigia mtoto kelele asikose, yeye ili akutii inambidi kwanza auone mpira ukipaa. Umemchorea picha ya kukosa kabla hajapiga hatua hata moja.

Mwili nao hufuata. Moyo unadunda, pumzi inakatika, paja linakaza. Kibaya zaidi, mguu uliozoea kupiga bila kuulizwa sasa unakaguliwa na mwenyewe: nikanyage wapi? kifundo nikikazeje? Shuka ngazi huku ukiwaza kila goti linavyokunjwa, uone kama hutayumba. Meta 11 ni zilezile, goli lina upana uleule, na kipa ni wa rika lake, si jitu. Kilichoongezeka uwanjani ni sisi, ndugu zangu. Ni sisi!

Mwanasaikolojia Geir Jordet wa Norway amechunguza kwa miaka mingi matuta ya mashindano makubwa. Alikuta kwamba mkwaju ambao ukiingia timu inashinda hufungwa mara nyingi zaidi kuliko ule ambao ukikosa timu inatolewa. Aliona pia kuwa wanaoukimbilia mpira mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi, kama mtu anayetaka adha iishe upesi. Hao ni watu wazima wa Kombe la Dunia. Hofu inayowalegeza wao itamfanya nini mtoto wa kamba ya katani?

Mkumbukeni Asamoah Gyan. Johannesburg, tarehe 2 Julai 2010, robo fainali, Ghana na Uruguay wako 1-1, na muda wa nyongeza unaishia. Luis Suárez anauzuia kwa mikono mpira uliokuwa ukiingia golini. Penalti. Katika mashindano hayohayo Gyan alikwisha kufunga penalti mbili, dhidi ya Serbia na Australia. Akapiga, mpira ukagonga mtambaa wa panya, na bara zima likashika kichwa. Lakini nawasihi mtazame kilichofuata, kwa maana wengi wetu huizima hadithi pale kwenye mtambaa wa panya. Dakika chache baadaye matuta yakaanza, na aliyetoka kwanza upande wa Ghana alikuwa Gyan yuleyule. Akaweka mpira, akapiga, akafunga. Ghana ilitolewa kwa 4-2, lakini hilo halifuti ujasiri wa mtu yule wa kurudi mahali palipokuwa bado pana moto.

Nendeni nami sasa Libreville, tarehe 12 Februari 2012, fainali ya Mataifa ya Afrika. Si mbali na pwani ya mji ule, mwaka 1993, ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini na wote waliokuwamo wakafa. Vijana wa 2012 walikwenda ufukweni kuweka maua kabla ya kuikabili Ivory Coast. Dakika 120 zikaisha bila bao, yakaja matuta. Wazambia walijipanga katikati ya uwanja wakaimba. Waliimba pamoja, mkwaju baada ya mkwaju. Kolo Touré akakosa. Kisha Rainford Kalaba, wa kwao, naye akakosa! Hapo ndipo sisi tungetupa kofia. Gervinho akakosa, na Stoppila Sunzu akautia mpira wavuni, Zambia ikawa bingwa kwa 8-7. Sidai kwamba wimbo ndio uliofunga. Nasema kwamba hakuna mtu katika mstari ule aliyekwenda kwenye mpira akiwa peke yake.

Jamani, sauti mnayo, basi itumieni kumjenga mtoto. Mfundisheni achague kona kabla hajauweka mpira na asiibadilishe. Filimbi ikilia asikurupuke, avute pumzi moja ndefu, aitoe taratibu. Awe na neno lake fupi la kujiambia, la jambo analolifanya: "kona", "tulia", lolote alilolichagua mwenyewe. Apige penalti mwisho wa mazoezi miguu ikiwa imechoka, wenzake wakipiga makelele, ili kelele za Jumapili zimkute amezizoea. Na akikosa, kocha awe wa kwanza kumfikia, kabla ya vicheko, amshike bega.

Nawe uliyetupa kofia, unajua mtaa anaokaa kijana yule. Viatu vyake viko uvunguni mwa kitanda, na mechi zikichezwa anapitia njia ya nyuma asiuone uwanja. Usingoje msimu mpya. Chukua mpira leo jioni, jua likipoa, nenda ukabishe hodi. Wasalimie wazazi wake. Mwambie: nilikosea mimi. Kisha mwende wote wawili uwanjani, usimame golini wewe mwenyewe, umwachie mpira.