Kitabu cha Ibada kwa Mkristo Mwenye Maswali

Mkristo aliyezoea kuianza siku yake kwa ukurasa mmoja wa kitabu cha ibada, kisha akafika mahali pa kukiri nafsini mwake kwamba haamini tena ya kuwa dunia iliumbwa kwa siku sita, wala ya kuwa Mola humtia mtoto homa ili amwadibu babaye, hupatwa na msiba ambao makasisi hawaushughulikii sana: kitabu kile kile kilichokuwa kikimliwaza alfajiri sasa chamkera. Si kwamba imani imemtoka. Angali anataka kusali, tena pengine kuliko zamani. Ila kila afunguapo ukurasa hukuta yamechukuliwa kuwa ni yakini mambo ambayo akili yake imekwisha kuyakataa, na akiwaendea waandishi wa rai yake, wale wa Marekani na Uingereza waitwao wapenda mageuzi, hukuta hoja juu ya hoja, tarehe za Injili na uhakiki wa maandiko, mambo yenye manufaa makubwa kwa mwanafunzi lakini si ya kumpigisha mtu magoti.

Mmoja aliyeitambua haja hiyo mapema ni Harry Emerson Fosdick, mhubiri wa Kibatisti wa Marekani, ambaye mwaka 1915 alitoa kitabu kiitwacho The Meaning of Prayer. Mpango wake ni sura kumi, kila moja ikiwa ya juma zima: kwa kila siku aya za Biblia, maelezo mafupi na sala, kisha makala ndefu ya juma hilo. Lakini ndani ya mpango huo wa kawaida ameitenga sura nzima kwa suali la vipi dua yaweza kuwa na maana katika ulimwengu uendeshwao kwa kanuni zisizogeuka, na sura nyingine kwa dua zisizojibiwa, asimfukuze mwenye shaka aende akatatue shaka yake kwingine kabla ya kuja kusali. Watu humkumbuka zaidi kwa hotuba yake ya Mei 1922 mjini New York, aliyowapinga kwayo washikao herufi ya maandiko, ikamletea mzozo hata akaiacha mimbari ya Wapresbiteri aliyokuwa akiihudumia. Kwa maoni yangu hotuba ile imechakaa kuliko kitabu hiki.

Walter Rauschenbusch alikuwa amemtangulia. Huyu alikuwa mchungaji wa wahamiaji wa Kijerumani katika mitaa ya mafukara ya New York, na mwaka 1910 alitoa mkusanyo wa sala kwa ajili ya watoto wafanyao kazi, wanawake wenye kuchoka kwa ajira, waajiri, mahakimu, hata waandishi wa magazeti. Ni kazi adhimu, ijapokuwa mara nyingine hujisahau akamhutubia Mungu kana kwamba ni diwani wa mji.

Wapinzani huwashutumu Wakristo hawa kwamba huchagua katika Maandiko wayapendayo na kuyaacha mengine. Shutuma hiyo yataka kupimwa kwa kisa alichokisimulia Howard Thurman, mwanatheolojia Mmarekani mweusi, katika kitabu chake cha mwaka 1949, Jesus and the Disinherited. Bibi yake mzaa mama, Nancy Ambrose, alizaliwa utumwani, hakujua kusoma, na kazi ya kumsomea Biblia ilikuwa ya mjukuu huyu. Ajuza yule alitaka Zaburi, alitaka Isaya, na Injili alitaka arudiwe tena na tena. Bali nyaraka za Paulo hakukubali kusomewa, isipokuwa mara chache ile sura ya kumi na tatu ya Wakorintho wa Kwanza. Thurman alipokua akathubutu kumwuliza sababu, akajibiwa kwamba zamani za utumwa mhubiri wa bwana wao alikuwa akiwajia na aya ya Paulo iwaamuruyo watumwa kuwatii mabwana zao, naye akamwahidi Muumba wake kwamba uhuru ukija, na kusoma akikujua, sehemu ile hataisoma kamwe.

Mama yule hakuhitaji profesa wa kumwidhinishia uchaguzi wake. Lakini tazama pia vitabu alivyovibakisha: Isaya si kitabu cha kumbembeleza mtu, wala Injili zikirudiwa hazimwachi msikilizaji astarehe. Aliiondoa aya iliyotumiwa kumfunga minyororo. Anayeondoa kila aya imchomayo, hali amekaa salama, hatakiwi ajifananishe naye, na nahofia kwamba vitabu vingi vya ibada vya wapenda mageuzi vimeandikwa kwa ajili ya huyo wa pili.

Akiniuliza mtu aanze na kipi, humtajia John Baillie, mwanazuoni wa Kiskoti aliyefundisha Edinburgh, na kitabu chake cha 1936, A Diary of Private Prayer. Baillie si mwanamapinduzi, na msomaji atakutana humo na tamko moja au mawili ya kale yatakayomkwama kooni. Ila ameweka sala ya asubuhi na ya jioni kwa siku thelathini na moja, na upande wa kushoto akaacha ukurasa mtupu ili mtu aandike dua zake mwenyewe. Asiyeweza kusema yaliyopigwa chapa kuliani na aandike kushotoni anayoyaweza, pamoja na jina la mgonjwa wake na la jirani aliyegombana naye. Mwezi ukiisha hurejea mwanzo, akayakuta aliyoyaandika, mengine yakiwa yamekwisha kuonekana upuuzi, na mengine angali anayaomba.