Nani Anafukua Makaburi?

Majuzi kwenye kikao cha harusi hapa Arusha, kijana mmoja aliitaja Januari 5, 2011, siku polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa CHADEMA na watu 3 wakafa. Mzee mmoja akamkatisha: "Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Acha kufukua makaburi." Wajumbe wakaitikia, tukarudi kwenye bei ya ukumbi. Mpaka leo hasira haijanitoka.

Haki ya kuishi haihitaji maelezo, ibara ya 14 ya Katiba inatosha. Wapo wanaohofia kwamba kumbukumbu huzaa visasi, na wapo wanaosema wanasiasa huwafanya marehemu mtaji, yote hutokea.

Hili la makaburi ndilo silivumilii. Mji huu umekula kwa kufukua makaburi ya wenzetu. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa mpaka 2015, mashahidi wakiulizwa nani alisimama kwenye kizuizi kipi, kashika nini. Wenye hoteli na teksi hawakusema ya kale yaachwe. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ipo hapa hapa, ila mwaka 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kuipelekea shauri moja kwa moja.

Halafu angalia nani huambiwa asahau. Ni mama aliyezika, siyo aliyefyatua. Na hayo yaliyopita yalipita lini? Oktoba 29, 2025 risasi zililia tena, intaneti ikazimwa, watu wakazika.

Nikifika hapa, mawazo hunipeleka Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, kwenye nyanya na vumbi. Mwishoni mwa 1951 Waingereza waliwafukuza Wameru wapatao 3,000 ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Hakupata azimio alilolifuata. Lakini hakuliacha shauri: mwaka 1967, bendera ya Mwingereza ikiwa imeshateremshwa, yeye na wakili Earle Seaton walichapisha kitabu kizima juu ya shauri lile. Sijasikia mzee yeyote wa Meru akimlaumu kwa kufukua. Basi mkosaji akiwa mgeni, kukumbuka ni ushujaa. Akiwa wa kwetu, ni utovu wa adabu?

Ningependa kuishia hapo nikiwa nimeshinda. Ila kuna familia ambazo zenyewe hazitaki marehemu wao atajwe, kwa woga au kwa uchovu, na kwa nje huwezi kutofautisha. Wakikaa kimya kwa woga, nikinyamaza nami nimemsaidia aliyewatisha. Wakiwa wamechoka tu, nikisema nimewaibia msiba wao. Na kuwauliza ni kuwafungulia matanga upya.