Mbaraka aliyesafishwa

Huku Masuguru wazee walimsikia Mbaraka Mwinshehe kwenye redio ya betri inayokoroma. Mwaka 2000 Dizim, kampuni ya Ujerumani, ikatoa CD ya nyimbo zake, Masimango. Matoleo ya namna hii hupenda kujisifia usafi wa sauti. Sawa, mkoromo ulikuwa wa redio, si wa Mbaraka. Kuuondoa si kumkosea. Ila fundi akianza kukaza gitaa na kufifisha saksafoni, hapo anamwamulia marehemu. Mbaraka alifariki Mombasa mwaka 1979, hawezi kusema "hapo acha, bwana". Mimi ningetaka CD ibebe zote mbili: ya fundi, na ile ilivyotoka studio. Nafasi ipo, CD moja inabeba zaidi ya saa nzima.