Kaeni Kwanza Mkahesabu



Katika Injili ya Mt. Luka, sura ya 14, Bwana wetu ataja mtu atakaye kujenga mnara. Kabla ya kuweka msingi yampasa aketi kuhesabu gharama, asije akashindwa njiani, watu wakamcheka. Neno hili twawaelekezea ndugu zetu wa Jipe, na wote katika Upare wenye nia ya kuwafungulia watu wazima madarasa ya kusoma na kuandika.

Nia hiyo ni njema, wala si mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Upare ulikuwa na mpango wake wa kuufundisha umma kusoma, hata na gazeti lake, Habari za Upare. Mwaka 1971 Wilaya ya Pare ya wakati ule ilikuwa mojawapo ya wilaya 6 zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutosoma kabla ya mwaka kwisha. Katika nchi nzima, mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1986 ilihesabiwa kuwa wamebaki chini ya 10. Kazi hiyo yastahili sifa.

Lakini baadaye madarasa mengi yalififia, na wengi waliojifunza herufi wakakosa cha kusoma, wakazisahau. Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia ya maji. Ndiva huchimbwa mara moja, bali tope lake huzolewa tena na tena kwa msaragambo. Isipozolewa, mashamba ya chini hukauka.

Basi tuhesabu nini? Kwanza watu, nyumba kwa nyumba, bila kumwaibisha mtu. Maana ni vigumu kwa mzee mwenye wajukuu kukiri kwamba hawezi kuandika jina lake. Pili saa. Mvuvi aliyekesha ziwani hawezi kuja asubuhi, wala mama saa ya kuteka maji na kupika. Tatu mwalimu: asiachwe afundishe kwa njaa, wanakijiji wamchangie walau mahindi. Nne kitu cha kusoma baada ya herufi: kadi ya kliniki ya mtoto, hesabu ya samaki, hati ya shamba, Injili ya Dominika.

Tena elimu hii iingie nyumbani. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, Ezra aliwasomea Sheria wanaume na wanawake pamoja, na wote walioweza kufahamu, na Walawi wakaifafanua. Vivyo hivyo mama na mwanawe wasome kitabu kimoja jioni. Anayejua amsaidie asiyejua.

Nasi mapadre tujiulize. Mara ngapi twabandika tangazo mlangoni mwa kanisa, tukadhani waamini wote wamekwisha kulisoma? Na yule atiaye kidole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma, ameliweka shamba la watoto wake mikononi mwa mwingine. Je, hatuna deni kwake?

Afadhali darasa la watu 10 litakalodumu miaka 3, kuliko la watu 100 litakalokufa kabla ya mavuno. Kaeni, hesabuni, kisha jengeni. Mungu, aliyeianza kazi njema ndani yenu, awajalie kuimaliza.