Kwa Mwendo wa Watoto

Soma kwa ajili ya lesoni ya juma hili: Mwanzo 33:12–20, 34:1, Mathayo 24:15–20, 2 Timotheo 4:9–21.

SABATO ALASIRI

Karibu katika kila kanisa letu la mjini kuna familia inayojiandaa kuhama. Mwalimu amepangiwa shule ya milimani, muuguzi amepata ajira katika zahanati ya kijijini, mwinjilisti ametumwa kuanzisha kundi mahali ambapo Sabato haijulikani. Wengine hawakutumwa na mtu. Wamechoshwa na kodi ya nyumba na kelele, wanataka watoto wakue wakiona mashamba. Tunawaombea mbele ya kanisa, tunawaimbia, nao wanapanda basi.

Tunapozungumzia safari za namna hii huwa tunamkimbilia Abramu. Juma hili tutakaa zaidi na Yakobo, kwa sababu moja: Abramu alipotoka Harani hakuwa na mtoto.

JUMAPILI: Yakobo Anakataa Kukimbizwa

Soma Mwanzo 33:12–17. Esau alitaka nini, na Yakobo alimjibu nini?

Ndugu hawa wawili walikuwa wametoka kukumbatiana na kulia. Esau, aliyekuja na watu 400, anataka waondoke wote pamoja. Yakobo anamwambia kwamba watoto ni wadogo na mifugo inanyonyesha; ikikimbizwa hata siku moja tu, itakufa yote. Yeye atafuata taratibu, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama walio mbele yake na mwendo wa watoto.

Tuseme kweli, Yakobo hakwenda Seiri kama alivyoahidi. Aligeukia Sukothi, maana hofu ya kaka yake haikuwa imemtoka, na hatuna sababu ya kumsafisha. Lakini kuhusu watoto alisema lililo sawa. Kumbuka pia kwamba usiku uliotangulia alikuwa ameshindana mweleka mpaka akateguka uvungu wa paja (Mwanzo 32:24–31). Mtu anayechechemea anaujua mwendo wa wasioweza kukimbia.

Halafu angalia mstari wa 17. Alipofika Sukothi alijenga nyumba, akatengeneza vibanda vya wanyama. Madhabahu inatajwa katika mstari wa 20, alipokwisha kufika Shekemu. Sisi wahubiri tungependa madhabahu itangulie. Maandiko hayaoni aibu kuanza na paa.

JUMATATU: Joho Lililoachwa Troa

Soma 2 Timotheo 4:9–13, 21. Paulo aliomba aletewe vitu gani, na kwa nini alitaka Timotheo aje kabla ya majira fulani?

Huyu ni mtume aliyewaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote. Sasa yuko kifungoni Rumi, anajua mwisho wake umekaribia, na anaomba joho lake aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Kisha anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Joho limetajwa kabla ya vitabu! Sijui kama mfungwa yule alilipata. Najua kwamba hakuona kuomba nguo ya baridi kuwa ni upungufu wa imani.

JUMANNE: Jiko Chumbani

Naomba nitoe ushuhuda, ingawa si wa kujisifu.

Mwaka 1998 mimi na mke wangu tulihama Dar es Salaam kwenda Makete. Wakati huo Makete ilikuwa bado katika Mkoa wa Iringa. Njombe ilikuwa mkoa baadaye, mwaka 2012. Tulikuwa na watoto wawili, mmoja wa miaka saba, mwingine wa miezi minane. Kabla hatujaondoka, mama mmoja mzee kanisani aliniuliza kama watoto wana masweta ya kutosha. Nilimjibu kwa sauti ya mimbarani kwamba Mungu anayeyavika maua ya kondeni atawavika na hawa. Watu wakasema amina. Yule mama hakusema.

Tulifika mwezi Juni. Nyanda zile ziko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kali. Kuna asubuhi umande unaganda mweupe juu ya majani ya viazi, na jua likishapanda majani yanasinyaa kama yaliyounguzwa. Nyumba tuliyopata ilikuwa ya matofali, sakafu ya saruji, haina dari. Ijumaa ya kwanza mke wangu alibandika maharage saa nane mchana kama alivyozoea. Hakuna aliyetuambia kwamba kule juu maji huchemka kabla hayajafikia joto la pwani, kwa hiyo maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva. Jua lilipozama yalikuwa yanagonga sufuria kama kokoto. Tulifungua Sabato kwa uji, tukacheka.

Juma la pili hatukucheka. Mtoto mdogo alikuwa anakohoa, na chumba kilikuwa baridi kiasi cha kuona pumzi zetu. Niliingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba nafasi ya chini ya mlango kwa khanga. Tukafanya ibada ya familia, tukalala wote wanne.

Usiku wa manane mke wangu aliamka amnyonyeshe mtoto. Kichwa kilikuwa kinampasuka na miguu haikuwa na nguvu. Mtoto hakulia alipomwinua. Alijikokota hadi mlangoni, akafungua, akaanguka naye barazani huku akipiga kelele. Jirani yetu, bibi wa Kikinga, mshiriki wa kanisa la Kilutheri, alikuja na taa ya chemli pamoja na wajukuu zake wawili. Walimtoa mtoto mkubwa, wakaniburuta na mimi. Hewa ya nje ilipompiga yule mdogo usoni, alilia. Mpaka leo sijasikia wimbo unaozidi kilio kile.

Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Haiuachi mkaa kwa sababu moshi umekwisha, wala kwa sababu waliolala wamesali. Sikulijua hilo kwa kuwa sikuuliza, na sikuuliza kwa kuwa nilikwenda kule nikijiona mwalimu.

Asubuhi bibi alikuja na blanketi. “Baba mchungaji,” aliniambia (sikuwa mchungaji, ila aliniita hivyo hadi tulipoondoka), “huku moto unakaa jikoni. Watu ndio wanaoufuata moto. Moto haufuati watu chumbani.” Akatuonyesha jiko lake la nje: jioni familia yote hukaa pale, watoto hula pale, nguo zao za kulalia hukaushwa pale, kisha hupelekwa kitandani wakiwa na joto mwilini, wamevaa soksi na kofia. Akamfundisha mke wangu pia kutazama kifua cha mtoto anayekohoa. Akipumua haraka haraka, au ngozi ya chini ya mbavu ikibonyea anapovuta pumzi, asingojee kesho. Apelekwe hospitali, huenda ni nimonia. Majirani wengine walitukaribisha kwa ulanzi, tukaomba uji badala yake, wakatupa uji. Mwaka wetu wa kwanza sisi ndio tuliohudumiwa.

JUMATANO: Binti Anatafuta Wenzake

Soma Mwanzo 34:1. Dina alitoka kwenda kuwaona akina nani?

Yaliyofuata ni uovu wa mtu mwingine, na ni dhambi kumtwika Dina. Nimesikia mahubiri yanayofanya hivyo, na sikuyapenda. Mimi naona jambo dogo zaidi: binti huyu alikuwa na ndugu wa kiume wengi, lakini Maandiko hayamtaji dada aliyekuwa naye. Amehamishwa, amefika mahali pageni, anataka kuwaona wasichana wa pale. Nani katika nyumba ya Yakobo alikuwa ameliwazia hilo?

Binti yetu mkubwa alirudi shuleni siku za mwanzo bila kusema neno. Wenzake wakati wa mapumziko walicheza kwa Kikinga, naye alisimama ukutani. Mimi nilikuwa nimehesabu magodoro, sufuria na vitabu vya uinjilisti. Sikuwa nimehesabu kwamba anaacha marafiki. Aliyemwokoa ni mjukuu wa bibi yule yule, aliyemfundisha kuhesabu hadi kumi kwa Kikinga wakiwa wanamenya viazi.

ALHAMISI: Baridi na Sabato

Soma Mathayo 24:19, 20. Yesu aliwataja akina nani kwa huruma, na aliwaagiza wanafunzi waombe nini?

Tunaupenda mstari wa 20 kwa sababu unaitaja Sabato, na ni haki yetu kuupenda. Lakini tusiukate vipande. Katika pumzi ile ile Bwana ametaja wenye mimba, wanaonyonyesha, na majira ya baridi. Anaongea juu ya kuuacha mji kwa amri yake mwenyewe, na bado anawaza miguu ya nani itakanyaga njia hiyo, na katika mwezi gani.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Ellen G. White aliwashauri watu wetu mara nyingi waishi nje ya miji, penye ardhi ya kulima na utulivu wa kulea watoto. Wanaohama huupenda ushauri huo. Wasome pia aliyosema dhidi ya kuhama kwa pupa, kwa kusukumwa na hotuba kali, bila kuomba na kupima. Hapa Tanzania kazi yetu yenyewe ilianzia milimani, Upare, mwaka 1903, wamisionari kutoka Ujerumani walipoweka kituo Mamba Giti. Kwa hiyo sisemi watu wasiende kwenye baridi.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kikundi chenu, ni nani anayejiandaa kuhama na watoto wadogo? Mmemwuliza nini hadi sasa zaidi ya tarehe ya kuondoka?

2. Mama yule wa masweta alinyamaza wengine waliposema amina. Je, kanisani kwenu mtu wa namna hiyo anahesabiwa kuwa na imani haba? Kwa nini?

3. Mungu alituma msaada kwa mkono wa jirani asiye wa imani yetu. Familia inayokwenda kupanda kundi jipya inawezaje kupokea kabla ya kutoa, na bado ikawa mwaminifu kwa ujumbe iliotumwa nao?

4. Kama kuna mtoto katika kikundi chenu aliyehamia karibuni, mwombeni awaeleze, akipenda, alichoacha alikotoka. Msikilizeni mpaka amalize.